Shangazi Aliyepima Manukato kwa Pua

Shangazi yangu alikuwa na pua. Najua kila mtu anayo, lakini ya kwake ilikuwa kama mtu wa pili ndani ya nyumba. Ilifika kabla yake, ikatoa maoni kabla yake, na kwa kawaida ndiyo iliyoshinda ubishi. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu wa hesabu alikuwa akisimamisha somo na kumwita mbele: "Hebu njoo utuambie nani kajamba." Naye alipita kati ya madawati polepole, mikono nyuma kama mkaguzi wa elimu, mpaka asimame nyuma ya mhalifu. Hakukosea hata mara moja. Siku aliyosimama nyuma ya kiti cha mwalimu mwenyewe, mchezo ukaishia hapo.

Mume wake aliteseka zaidi. Maskini alikuwa akienda kuvuta sigara mtaa wa tatu, anatafuna tangawizi, anabadili shati kwa rafiki yake, na bado akifika mlangoni anaambiwa, bila hata kuangaliwa, "Mbili. Na ya pili umeomba, si aina yako."

Mtu wa namna hiyo angefanya kazi gani? Alipata kazi kwenye kiwanda kidogo cha losheni, nyuma ya karakana ya magari, na kwa miezi saba aliosha mapipa. Kiwanda chenyewe kilikuwa vyumba vitatu. Cha kwanza kilikuwa na sufuria la chuma kubwa kama bafu, na mota ya kukorogea iliyolia kama mtu anayeng'olewa jino. Cha pili kilikuwa cha kufungashia, ambako baadaye na mimi niliajiriwa kubandika lebo. Cha tatu kilikuwa kichumba cha manukato: rafu za chupa za kahawia, mizani ya dijitali, kidirisha kimoja, na feni iliyokuwa ikizungusha hewa ileile tangu kiwanda kifunguliwe.

Asubuhi moja, mikono imejaa povu, Shangazi aliinua kichwa na kusema, "Hayo mafuta mnayomimina yameoza." Wapishi wa losheni wakacheka. Wiki mbili baadaye maduka yakaanza kurudisha chupa, losheni inanuka kama soksi za polisi. Mwenye kiwanda akauliza, "Nani alisema yameoza?" Wakamwonyesha mwanamke wa mapipa. Siku hiyohiyo akakabidhiwa ufunguo wa kichumba cha manukato, na kiwanda kizima kikaanza kumwita Pua. Yeye hakukasirika. Alilivaa lile jina kama cheo.

Mwenye kiwanda tulimwita Bosi akiwepo, na akiondoka tulimwita Harufu Kwanza. Alikuwa mfupi, kiuno kipana, mashati ya vifungo vya kung'aa, na alikuwa na hotuba moja tu maishani. "Mteja hasomi," alisema kila Jumatatu. "Mteja anafungua kifuniko, ananusa, ananunua. Kwa hiyo harufu kwanza, mengine baadaye." Hiyo baadaye yenyewe hakuna aliyewahi kuiona.

Sasa, kila chombo cha manukato kutoka kwa wauzaji kilikuja na karatasi zake. Karatasi za viwango. Zilieleza wazi kabisa: manukato haya, kwenye sabuni inayosuuzwa papo hapo, mwisho wake ni kiasi hiki. Kwenye losheni inayoshinda mwilini kutwa, punguza. Kwapani na karibu na midomo, punguza tena. Ya watoto wachanga, bora uache kabisa. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na majina marefu ya vitu vinavyoweza kuwasha ngozi, na ulisema kwamba majina hayo lazima yaandikwe kwenye lebo ili mtu ajue anajipaka nini.

Bosi alizipenda sana karatasi hizo. Zilikuwa nene na zilifyonza vizuri. Moja ilikaa chini ya birika lake la chai, nyingine ilikunjwa ikawekwa chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, na nyingine ilizuia mlango wa choo usijifunge wenyewe.

Na Shangazi naye, nisimpendelee kwa kuwa ni damu yangu, hakuwahi kuzisoma. "Nisome nini?" alikuwa akisema. "Karatasi haina pua." Kazi yake aliifanya mbele ya watu, na watu walikuja kutazama. Anamimina kidogo, anakoroga, anafumba macho, ananusa. "Bado." Anamimina tena. "Bado." Chumba kizima kimya. Anamimina mara ya mwisho, anavuta pumzi ndefu, halafu: "Haya." Mtu angeweza kupiga makofi. Wengine walipiga.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba pua nayo huchoka. Ukikaa jirani na mashine ya kusaga, baada ya mwezi huisikii tena, ila wageni wako ndio wanaopiga kelele mezani. Shangazi alishinda kwenye kichumba kile saa nane kwa siku, mwaka baada ya mwaka, na ile "Haya" yake ikawa inachelewa kidogo kila msimu. Ilipofika mwaka wa kumi na mbili, mtu aliyejipaka losheni yetu akipanga foleni ya benki, hata aliyeko dirishani mbele aligeuka kutazama.

Bosi alifurahi sana. Wateja walisifu. Wachache waliolalamika kwamba wanawashwa aliwajibu kwa simu, miguu juu ya meza, "Ikiwasha ujue inafanya kazi."

Halafu mikono ya Shangazi ikaanza kuwasha.

Ilianza katikati ya vidole. Kisha ngozi ikapasuka kwenye viungo, akawa hawezi kukamua hata kitambaa cha vyombo. Alishtaki kila kitu. Kwanza ilikuwa sabuni ya nyumbani, baadaye maji ya bomba, kisha hali ya hewa. Mwishowe alimgeukia mama yangu, yaani wifi yake, ambaye alikuwa amemwazima beseni. Beseni likahukumiwa bila wakili. "Lile beseni lina kitu," alisema, na kwa wiki tatu nyumba zetu mbili hazikusalimiana. Mama alilichukua lile beseni, akalisugua kwa maji ya moto mara nne, kisha akalirudisha mlangoni kwa Shangazi likiwa na mfuniko juu, kama zawadi. Hakuna tusi kubwa zaidi ambalo nimewahi kuliona likitolewa kimyakimya.

Asubuhi moja Shangazi alikuja kazini kope zimevimba mpaka macho yakawa mistari miwili. Nilikimbia kumwita Mama. Mama alifika, akamtazama, akasahau beseni palepale.

"Twende hospitali, wifi."

"Ni vumbi tu."

"Vumbi gani linavimbisha mtu akawa kama bondia? Panda gari."

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, yule wa aina ambayo ukitaka kumsikia lazima uache kubisha. Aliigeuza mikono ya Shangazi, akazitazama kope moja moja.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Natengeneza harufu."

"Unavaa glovu?"

"Glovu za nini? Hata ngozi yangu inasikia harufu."

"Hilo naliona," akasema daktari.

Akambandika mgongoni plasta zenye viraba vidogovidogo, kila kiraba kimetiwa kitu chake. Kazi ya Shangazi ilikuwa kukaa nazo siku mbili, bila kulowesha mgongo na bila kujipaka chochote. Yaani mwanamke aliyekuwa akijipulizia manukato hata kwenda kuanika nguo, sasa anajifuta kwa kitambaa kama gari bovu. "Nanuka kama zizi," alilia. Mume wake alikaa karibu naye kwenye kochi, akatabasamu kwa raha isiyo na aibu. "Mimi sisikii kitu," alisema. Siku hizo mbili alivuta sigara palepale barazani.

Tuliporudi, daktari alibandua plasta, akachora alama, akasema tungoje siku nyingine mbili ndipo asome vizuri. Siku ya kusoma, viraba viwili vilikuwa vimeumuka, vyekundu, na malengelenge madogo juu yake.

"Hiki ni mchanganyiko wa manukato," daktari alisema akigusa pembeni. "Na hiki ni kitu kinachopatikana kwenye mdalasini."

"Mdalasini?" Shangazi aligeuza shingo. "Mimi na mdalasini ni ndugu."

"Basi mmegombana."

"Nipe dawa."

"Nitakupa ya kutuliza. Lakini ngozi yako imeshakikariri. Kila kikiigusa, hata kidogo, itapiga kelele."

"Mpaka lini?"

"Hali hii haiondoki, mama. Utaishi nayo."

Shangazi alivuta blauzi yake polepole. "Miaka kumi na mbili nimekishika kwa mikono hii, hakijanifanya kitu. Leo ndiyo kinanigeuka?"

"Ndivyo ilivyo. Watu wengi hushika kwa miaka bila shida, ngozi inahesabu kimya. Kadiri kinavyozidi, ndivyo wengi zaidi wanavyofikia mwisho wa hesabu." Akachukua kalamu. "Hiyo losheni mnayotengeneza, kiwango chake cha manukato ni kiasi gani?"

Nilimtazama Shangazi.

"Kiwango gani?" alisema.

Kesho yake aliingia ofisini kwa Bosi bila kubisha hodi. Bosi hakuwepo. Akainua birika, akavuta karatasi iliyokuwa chini yake, yenye duara la kahawia katikati, akaniletea mezani kwangu kwenye lebo kwa sababu macho yake bado hayakuwa yakisoma vizuri.

"Soma."

Nikasoma. Ilikuwa ya manukato yetu yanayouzwa kuliko yote. Nikatafuta mstari wa losheni. "Losheni ya mwili. Isizidi gramu nne kwa kila kilo."

"Na sisi tunatia ngapi?"

Hilo halikuwa limeandikwa popote. Akavaa glovu mbilimbili, akajifunga kitambaa puani, kisha akakishusha kwa sababu bila pua asingeweza. Akaweka kilo moja ya losheni tupu juu ya mizani, akabonyeza isome sifuri, akaanza kumimina kama siku zote. "Bado." Kidogo tena. "Bado." Safari hii hapakuwa na watazamaji, mimi tu na ile feni. "Haya."

Mizani iliandika kumi na nne.

Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Sikujua nimshike bega au nitoke. Akasema, si kwangu hasa, "Watu wangapi?" Kisha macho yake yakaanza kuwasha, ikabidi atoke nje mbio, na nje alibaki amesimama kwa muda mrefu kando ya gari lisilo na matairi.

Wiki hiyohiyo Bosi alikuwa na shughuli. Binti yake anaolewa mwisho wa mwezi, na alikuwa ametangaza losheni mpya kwa heshima yake, "Bi Harusi", yenye ndimu na mdalasini. Kilo mia tatu. Kila mgeni apewe chupa, na bibi harusi na wasindikizaji wake wapakwe hiyohiyo asubuhi ya sherehe. Shangazi alimfuata na karatasi mkononi.

"Bosi, tumekuwa tukizidisha. Zaidi ya mara tatu."

Bosi alilitazama lile duara la chai. "Hii ilikuwa chini ya birika langu."

"Ndiyo shida yenyewe."

"Pua, umezeeka. Mikono ikianza kukauka watu hudhani dunia nzima imekauka."

Hakubishana. Alipika zile kilo mia tatu kwa kipimo cha karatasi yake, nayo ilisema gramu nne kwa kilo, akiwa amejifunika mpaka tukaona macho tu. Bosi akaja kunusa. Alinusa mara moja, mara ya pili, akarudi nyuma kama aliyetukanwa.

"Hii ni nini? Inanuka kama hospitali iliyofungwa!"

Akaingia kichumbani, akatoka amekumbatia kopo la manukato, akamimina mwenyewe ndani ya sufuria, glo glo glo, mota inalia, akitutazama mmoja mmoja ili tujue nani mwenye kiwanda. Shangazi alimwacha amalize. Kisha akalichukua lile kopo, akaliweka kwenye mizani, akaandika uzito uliobaki kwenye daftari. Alikuwa ameandika uzito wake wa asubuhi.

"Umeirudisha palepale kwenye kumi na nne," alisema. "Na haya mafuta ya ndimu ni ya kukamua maganda. Karatasi yake inasema yakizidi, mtu asikae juani. Basi tufanye hivi. Jipake wewe kwanza. Shingo na mikono, wiki nzima. Ukimaliza salama, naomba radhi mbele ya watu wote na naacha kazi."

Watu wote walikuwa wamesimama pale. Mota ilizimwa. Bosi angefanya nini? Akachota losheni kwa kiganja, akajisugua shingo kama anayepaka siagi.

Jumapili kulikuwa na fainali ya mpira ya timu za karakana. Bosi alikuwa mgeni rasmi, kiti cha mbele, hakuna kivuli, jua la saa saba. Na kwa kuwa alitaka ushindi usio na shaka, hakutosheka na losheni. Tulikuja kujua baadaye kwamba alikuwa amejipaka manukato yenyewe, bila kuchanganya na kitu, nyuma ya masikio na kuzunguka shingo, yakachuruzika mpaka kifuani. Waliokaa naye walisema alinukia vizuri sana kipindi cha kwanza.

Jumatatu hakuja. Jumanne alikuja amefunga skafu ya sufi, siku ambayo hata mbwa wa karakana walikuwa wamelala chini ya magari.

"Mafua ya shingo," alisema kabla hajaulizwa.

Nyuma yake aliingia Mama Bosi, mke wake. Nieleze kidogo: kiwanda kilikuwa cha Bosi, lakini kiwanja kilikuwa cha Mama Bosi, alirithi kwa baba yake, na mota ya kukorogea ilikuwa yake pia. Alikuwa haji mara nyingi. Akija, hata feni ilizunguka vizuri.

Alimvua ile skafu. Shingo ya Bosi ilikuwa na mistari myekundu yenye malengelenge, inashuka kutoka masikioni kwenda kifuani, kama mtu aliyemwagiwa chai na akakaa kimya.

"Amekataa kunieleza nyumbani," Mama Bosi akatuambia. "Nimemfuata niambiwe hapa."

"Ni jua tu, mke wangu."

"Jua gani linachora mistari?"

Shangazi akanipa karatasi ya ndimu. "Soma, mwanangu." Nikasoma: kwamba mafuta hayo ya ndimu, yakizidi kipimo kwenye ngozi, jua likayapiga, huweza kuunguza, kutoa malengelenge, na kuacha madoa meusi yanayokaa miezi. Mama Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Na hii ndiyo mngempaka mwanangu?"

"Yeye na wasindikizaji wake sita," Shangazi alisema. "Sherehe ni nje, mchana."

"Tutaweka turubai," akasema Bosi.

Mama Bosi alimtazama kwa namna ambayo mimi, kama ningekuwa mume, ningetafuta pa kuishi.

"Yote mwageni," alisema.

"Hapana, mama," Shangazi akasema. "Inaokoka." Akafungua daftari lake. Hesabu alikuwa ameshaipiga. Gramu kumi na nne kwa kilo. Ukiongeza losheni tupu isiyo na harufu kilo mbili na nusu kwa kila kilo moja, unarudi kwenye nne. "Tuongeze tatu. Sitaki kusimama ukingoni. Na ndimu nimeiangalia, nayo itakuwa chini ya kipimo chake."

Tulipika siku nne. Yeye hakukanyaga ndani. Alisimama nje ya kidirisha na daftari, akitoa amri kama kamanda: pima, soma namba kwa sauti, rudia, mimina. Kilo mia tatu zikawa elfu moja na mia mbili. Chupa zikatuishia, tukajaza kwenye ndoo. Mimi nilibandika lebo mpya zenye majina yote yale marefu, na chini yake: si ya watoto wachanga, jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko, ungoje. Bosi, shingo imepakwa dawa nyeupe, alisimama nyuma yangu akisoma.

"Nani atanunua losheni yenye maonyo? Utadhani sumu ya panya."

"Bandika," alisema Mama Bosi.

Harusi ilifanyika. Bibi harusi aling'aa kama mtu ambaye ngozi yake haijaungua. Mashangazi wawili wa bibi harusi walilalamika kwamba losheni ya zawadi haina nguvu. Katika picha zote Bosi amesimama na kola imeinuliwa, kidevu juu, kama anayesikiliza wimbo wa taifa.

Lakini zile chupa za zamani zilikuwa bado madukani. Bosi alisema zitaisha zenyewe. Shangazi alichukua mkokoteni wa karakana, akanichukua na mimi, tukapita duka kwa duka tukibadilishana, chupa mpya kwa ya zamani. Tulidhani watatushukuru. Mwenye duka mmoja alizikumbatia chupa zake.

"Hizi ndizo zinazouzika! Hata mbu wanazikimbia."

"Zinaunguza watu," Shangazi akamwambia.

"Wateja wangu hawajaungua."

Akamwonyesha mikono. Mwenye duka akaitazama, akatoa chupa sita. Nadhani alificha nyingine. Kwa jumla tulirudisha labda nusu. Kuna walioapa kwamba wamemaliza, na tukiwa tunaondoka tukasikia harufu ikitusindikiza kutoka chini ya kaunta. Shangazi alisimama, akageuka, kisha akasukuma mkokoteni. "Huyo nitamrudia," alisema. Alimrudia mara tatu.

Kazi yake ya zamani haikuwezekana tena. Mama Bosi, ambaye sasa alikuja kila wiki, alimpa meza, kabati lenye kufuli, na karatasi zote za viwango, zikiwemo ile ya mguu wa meza na ile ya choo. Kichumba akapewa fundi mota, mtu tuliyemwita Kamasi kwa sababu pua yake iliziba tangu utotoni na hasikii harufu yoyote. Shangazi alichukia kuliko alivyochukia ule ugonjwa.

"Mmeniondoa mimi mkaweka mtu asiyenusa!"

"Ndiyo sifa yake," Mama Bosi akajibu. "Atasoma mizani."

Na kweli, Kamasi alipima kama mfamasia. Karatasi ikisema nne, ni nne. Huwezi kumbembeleza kwa harufu mtu asiyeijua. Lakini siku moja, tukinywa chai nje, alimgeukia Shangazi na kumuuliza, kwa upole wa mtu mkubwa mwenye aibu, "Dada, huu mdalasini wenyewe, unanukaje?"

Shangazi alianza kucheka. Akaona hatanii. Akaweka kikombe chini, akafikiri. "Unajua ukirudi nyumbani mvua imekunyeshea," alisema, "ukakuta mtu amekuwekea nguo kavu? Ni kama hivyo, lakini puani." Kamasi aliitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Shangazi akajifuta macho, akasema ni mzio.

Siku hizi anazunguka kwenye saluni zinazonunua bidhaa zetu na zisizonunua. Hakuna aliyemtuma. Anaingia, anachukua chupa, anageuza nyuma, anasoma, na kama hakuna kilichoandikwa anauliza kwa sauti mbele ya wateja walio na mapovu kichwani. Wanamwogopa. Juzi nilikuwa naye kwenye saluni moja, mwenye saluni amejitengenezea mafuta yake ya uso kwenye chupa za jemu, anauza kwa fahari.

"Mama, hii haina kemikali," akamwambia Shangazi. "Ni ya asili tupu. Majani na maua."

"Hata upupu ni majani," Shangazi akasema.

Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha alicheka mpaka akajigonga kichwa. Mwenye saluni alikunja uso.

"Umetia mafuta gani ya kunukia, na kiasi gani?"

"Matone kadhaa."

"Kadhaa ngapi?"

"Mpaka inukie vizuri."

Nilidhani Shangazi atamtolea uvivu. Lakini alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono yake juu ya meza ya vitana, viganja juu, na makovu yake ya katikati ya vidole yakaonekana yote. "Na mimi nilikuwa nikisema hivyohivyo," alisema. "Una mizani?"

"Ya kupimia unga."

"Ilete. Na hizo chupa zilizouzwa, unawajua walionunua?"

Mwenye saluni akamwambia binti wa kusuka ashike zamu, akafungua droo, akatoa daftari la simu za wateja.